Hapa Panauzwa Nyanya

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ushauri nasaha lilikuwa kwenda kuangalia. Mteja akiniambia kwamba aliumizwa nyuma ya ghala la mbao, jioni yake nilikwenda kusimama nyuma ya ghala la mbao. Akiniambia kwamba dereva wake alikufa wakiwa kwenye foleni ya malori, mbele ya duka la matairi, nilikwenda mbele ya duka la matairi nikapima kwa hatua umbali wake kutoka barabarani. Hakuna aliyenituma. Niliamini kwamba mshauri mzuri lazima aelewe kikamilifu, na kuelewa kikamilifu ni pamoja na kujua mlango unafungukia upande gani.

Busia ni mji mdogo, hata ukijumlisha upande wa Uganda na upande wa Kenya. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimeangalia sehemu nyingi mno, na kila nilipozipita zilinirudia kwa harufu na sauti za mambo ambayo hayakunipata mimi. Nikaanza kuzikwepa. Kutoka chumba changu hadi ofisini ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Nilikuwa natumia dakika hamsini. Nilipita nyuma ya kanisa, nikakata uwanja wa mpira, nikazunguka mashamba ya mihogo, nikatokea ofisini kwa mlango wa nyuma nikiwa na vumbi hadi magotini. Nilijipongeza kwamba nimelificha jambo hili vizuri.

Aliyeligundua ni Mshauri.

Pale ofisini tulikuwa washauri wawili, yeye na mimi, lakini mtu akisema "Mshauri" bila kuongeza neno, alikuwa anamtaja yeye. Wateja walimwita Mama Mshauri. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo ya mwisho mwisho, mwenye viatu vya raba vyeupe alivyovisugua kwa mswaki kila Jumatatu, na alikuwa amefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: anifundishe kusikia mambo yale kila siku na kubaki mzima. Yeye aliyasikia tangu asubuhi na mchana akala sahani yake yote. Mimi nilikuwa sivuki barabara ya soko. Nilijua kwamba nisipojifunza nitaacha kazi, au nitaendelea nayo huku nikiharibika, na sikuwa na hakika ipi kati ya hizo ingewaudhi zaidi wazazi wangu.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili upande wa Uganda, nyuma ya safu ya ofisi za watu wa kutoa mizigo forodhani. Waliokuja kwetu walikuwa wanawake wanaovusha bidhaa, matingo na madereva wa malori, na wakulima waliotoka Sop Sop na Kirewa wakiwa wameletwa na jirani au na padri. Mambo waliyokuja nayo sitayaeleza. Inatosha kusema kwamba hakuna aliyekuja kwa sababu siku yake ilikuwa nzuri.

Sikusomea kazi hii. Nilikuwa karani katika moja ya zile ofisi za jirani, na kwa miaka miwili nilisoma mambo ya saikolojia kwenye simu, kitabu baada ya kitabu, nikiandika muhtasari kwa kalamu za rangi tatu. Siku ya usaili nilikwenda na madaftari manne. Mshauri hakuyafungua. Alinipa ungo wenye mchele akasema, "Chambua tukiongea." Nilichambua kwa bidii hadi sikusikia swali la tatu. Akaniajiri kwa majaribio. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza alichokiona kwangu.

"Ulichambua vizuri," alisema.

Huo ungo haukuwa wa mtihani wangu peke yangu. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi, na sijaisoma katika kitabu chochote. Mteja akiingia chumbani kwake, Mshauri aliweka mezani nyungo mbili, moja mbele ya mteja na moja mbele yake, akamwaga mchele na wote wawili wakaanza kutoa mawe. Hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake machoni. Mtu akifika pagumu katika maneno yake, vidole viliendelea. Akinyamaza, kulikuwa na kazi ya kufanya wakati wa kunyamaza. Mshauri alisema anajua mteja ameanza kupata nafuu siku anapolalamika kwamba mchele ni mchafu. Mchele huo ulipikwa mchana, tukala sote pamoja na askari wa geti. Kwa hiyo wiki yenye wateja wengi tulikula wali laini kabisa, na wiki yenye wateja wachache tulitafuna mawe. Askari wetu, mzee wa Kiteso asiyependa kusema sana, alikuwa akiuma jiwe anatikisa kichwa na kusema, "Watu iko na amani sana wiki hii."

Mimi nilijaribu kutumia ungo nikashindwa. Mteja wangu wa kwanza wa ungo alikuwa mama mmoja wa Sop Sop. Alipofika katikati ya habari zake niligundua kwamba mchele wangu umelowa. Nilikuwa nalia juu yake. Yule mama aliacha kusema, akafungua kanga kiunoni, akanipa ncha yake nijifute. Kisha akanibembeleza kwa muda, akaaga, akaenda zake. Nikaandika katika ripoti kwamba mteja alionyesha moyo wa huruma.

Mshauri aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Profesa," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa, kwa ajili ya madaftari. "Katika kile chumba kuna nafasi moja tu ya kulia. Ulipoingia, ilikuwa imeshachukuliwa."

"Kitabu kinasema mshauri asifiche hisia zake."

"Kitabu kiliandikwa wapi?"

Nikamtajia.

"Huko kanga zipo?"

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na niliyaandika yote kwa kalamu ya kijani. "Usimwonee mtu huruma kabla hajafika kwenye nukta." "Mteja akikuuliza kama utakuja kumtembelea, jibu ni hapana, na uso uwe wa ndiyo." Siku moja nilipomwambia kwamba habari za mteja fulani ni nzito kuliko zote nilizopata kusikia, alisema, "Usizipange. Hakuna anayepewa kikombe." Aliyasema haya bila kuinua sauti wala kutabasamu. Mtu asiyemjua angedhani anasoma tangazo la kukatika kwa maji.

Hakusikiliza redio wala hakusoma gazeti, kwa sababu, alisema, habari za dunia anazipata kwa mdomo na zinamtosha. Ila kila Jumamosi mchana, mwanamke huyu aliyekuwa amesikia karibu kila namna ambayo binadamu anaweza kumwumiza binadamu mwenzake, alikwenda kwenye kibanda cha video karibu na stendi ya boda boda kuangalia mieleka. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani na alikuwa na benchi lake. Nilimfuata mara moja. Wanaume wawili wenye miili ya kutisha walikuwa wanapigana kwa viti, na Mshauri alikuwa anapiga makofi.

"Mshauri, hii si inakukumbusha kazi?" nilimuuliza sikioni.

"Haifanani hata kidogo," alisema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Hawa wanaumizana kwa makubaliano. Na yule aliyeanguka ataamka. Ngoja, utaona."

Akaamka kweli. Kibanda kizima kilipiga kelele, Mshauri akiwa wa kwanza.

Alichotufundisha na alichofanya yeye havikupatana daima. Alisema kazi iishe saa kumi, na saa kumi alinifukuza ofisini kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Yeye alibaki. Alikuwa na simu mbili, moja ya laini ya Kenya kwa ajili ya ndugu na nyingine ya laini ya Uganda kwa ajili ya wateja, na aliniamuru niwe na mpango huo huo na kuizima ya wateja jua likizama. Ya kwake sikupata kuikuta imezimwa. Likizo aliihubiri kwa kila mtu, hadi kwa askari, ambaye aliichukua kwa sababu tu alichoka kuhubiriwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda popote isipokuwa kwake Kirewa kila Jumapili, na upande wa Kenya kunywa chai, ambayo alidai inajua maziwa kuliko ya kwetu.

Mimi mambo hayo sikuyahesabu kama kasoro. Niliyaona kama dalili kwamba amefika mahali ambapo kanuni hazihitajiki tena. Nilimchunguza kama mwanafunzi anayemchunguza fundi. Nilichokistaajabia zaidi ni namna alivyotoka chumbani. Mteja angeweza kuwa ameongea saa nzima mambo ambayo mimi, nikiyasikia kidogo tu kupitia ukuta, nilihitaji kwenda kushika bomba la maji. Mshauri alifungua mlango, akamsindikiza mteja hadi getini, akageuka, akauliza, "Chai iko?" Nilimpima kwa saa. Kutoka mlangoni hadi kwenye chai hazikuzidi dakika mbili.

Nikaanza kumwiga. Nilimaliza na mteja, nikamsindikiza, nikageuka, nikauliza, "Chai iko?"

Askari alinitazama. "Profesa," alisema, "wewe naomba chai kama mtu naomba ambulansi."

Ulikuwa mwezi wa sita wangu pale, na hapo ndipo Mshauri aliponigundua. Alinituma sokoni asubuhi kununua chumvi. Soko lilikuwa mwendo wa dakika tano. Nilirudi baada ya saa moja na nusu, nikiwa nimeinunua mbali sana, kwa upande wa Kenya, kwenye duka ambalo hakuna mteja aliyepata kulitaja.

Aliitazama pakiti, akaitazama suruali yangu.

"Umepita wapi?"

Nilimweleza. Kwanza nilisema nilitaka kunyoosha miguu. Kisha, kwa kuwa hakusema kitu na mimi siwezi kukaa na mtu asiyesema kitu, nilimwambia yote: ghala la mbao, duka la matairi, kichochoro cha nyuma ya soko kinachoelekea njia ya panya, mahali ambapo msichana mmoja aliyekuwa amebeba sukari kichwani alikamatwa na wanaume watatu. Nilimwambia kwamba nilikwenda kuangalia kote huko. Nilimwambia hata zile hatua nilizopima. Nilitegemea atashtuka, au atanifukuza kazi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, rasimu ya tisa, ilikuwa mfukoni.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Rasimu?"

"Sehemu."

"Kumi na nne."

"Leo tutafanya tatu. Chukua kapu."

Tulitoka kwa mlango wa mbele. Nilikuwa sijautumia kwa wiki nyingi. Alitembea mbele kwa vile viatu vyake vyeupe, mimi nyuma na kapu, moja kwa moja hadi kwenye kichochoro cha nyuma ya soko. Pale mwanzo wake nilisimama. Nilitaka kumweleza ni upande gani yule msichana alianguka.

"Hapana," alisema kabla sijafungua mdomo. "Niambie unachokiona."

"Naona yule msichana..."

"Msichana yuko kwao, wiki iliyopita alinilalamikia kwamba mchele ni mchafu. Niambie unachokiona."

Niliangalia. Kulikuwa na mwanamke amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele yake gunia limetandikwa, na juu ya gunia mafungu ya nyanya.

"Nyanya," nilisema.

"Hapa panauzwa nyanya. Nunua."

Nilisogea. Nilisimama mbele ya zile nyanya, kapu nimelikumbatia kifuani.

"Wewe kijana, naogopa nini?" yule mama aliniuliza. "Nyanya yangu haina meno."

"Nataka... fungu moja."

"Fungu gani? Hii ama hii? Sema. Mimi nauza nyanya, si kubahatisha."

Nilichagua. Mshauri akasema nyuma yangu, "Mwombe apunguze."

"Mshauri, bei ni nzuri tu."

"Mwombe apunguze."

Nikaomba. Yule mama akapandisha sauti: nani amenifundisha adabu hiyo, nyanya nzuri namna ile, kwani mimi sina mama? Nilijitetea. Akaita jirani yake aje ashuhudie mtu anayetaka kula bure. Ilichukua muda mrefu na nilishindwa vibaya, lakini nakumbuka kwamba katikati ya ule ugomvi nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya nyanya, na nyanya tu. Alipokuwa ananifungia alimwuliza Mshauri, "Mama, hii kijana yako ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni profesa."

"Eee. Basi ni ile ile."

Nyuma ya ghala la mbao kulikuwa na fundi viatu. Sikuwa nimemwona siku ile ya kwanza, ingawa fundi mwenyewe aliniambia anakaa pale tangu ghala halijajengwa, na kwamba ananikumbuka: nilisimama karibu naye jioni nzima nikiutazama ukuta, akadhani nimetumwa na watu wa kodi. Mshauri alinivulisha kiatu kishonwe. Nikakaa pale na mguu mmoja wa soksi, na vijana wa boda boda wakapita wakisema, "Profesa, kiatu ingine umeacha Kenya?" Mbele ya duka la matairi tulikula mahindi ya kuchoma tukiwa tumesimama, malori yakipita taratibu, Mshauri akieleza kwa nini mahindi ya mwaka huo hayana utamu. Hakunipa somo lolote. Alipomaliza alitupa gunzi akasema, "Kesho tatu nyingine. Njoo na kiatu kingine chenye matatizo."

Tulizimaliza zote kumi na nne ndani ya wiki moja. Sikupona siku ile. Kuna kona mbili ambazo ziliendelea kunisumbua hadi mvua za mwaka uliofuata. Lakini barua niliichana, na nikaanza kuja kazini kwa dakika kumi na mbili. Kuhusu Mshauri niliamini zaidi kuliko zamani kwamba yeye ndiye mfano: mtu anayeweza kusimama popote, kusikia lolote, na kuona nyanya. Nilifanya kazi chini yake miaka mitatu zaidi nikijitahidi kuwa kama yeye. Kwa namna yangu nilifanikiwa. Wateja walianza kunisifu kwamba nimetulia.

Kisha akaacha kazi. Alitoa taarifa siku ya Jumatatu huku akisugua viatu, na Ijumaa akaondoka. Tulimfanyia soda na mandazi. Akasema amechoka kidogo na anataka kulima. Sote tuliona ni haki yake. Nilibaki peke yangu na wateja wote, wake na wangu, siku nyingine hadi tisa, na simu ya laini ya Uganda ikiwa wazi usiku na mchana. Niliona huo ndio ukomavu.

Nilikwenda kumwona karibu mwaka mmoja baadaye. Anaishi Kirewa, mwendo wa saa moja na ushee kwa boda boda kutoka Busia, barabara ikiwa kavu. Nilipeleka mkate na sukari. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka akimenya karanga za mbegu. Alikuwa amepungua, na miguuni hakuwa na viatu.

"Yoga, Profesa," alinisalimu kwa Kidhopadhola. "Umenenepa uso tu. Unakula au unafura?"

"Ninakula, Mshauri."

"Wateja wangapi kwa siku?"

"Saba. Wakati mwingine tisa."

"Unalala?"

"Ninalala vizuri sana. Mshauri, nilitaka kukuambia, sasa nimeweza. Naingia, nasikiliza, natoka, nakunywa chai. Hakuna kinachonifuata nyumbani. Nimekuwa kama wewe."

Nilisema hivyo kwa fahari. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo njia nzima nyuma ya boda boda. Aliacha kumenya. Alikaa na ganda mkononi kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nihesabu kuku waliokuwa uani. Walikuwa sita.

"Unajua kwa nini niliondoka?" aliuliza.

"Ulichoka."

"Kuchoka ningelala. Sikiliza. Wiki ile kabla sijaondoka alikuja mama mmoja, habari zake ni za binti yake aliyeuawa. Alichambua mchele akasema, mimi nikachambua. Katikati ya maneno yake nikawa nawaza karanga nilizoanika hapa nyumbani, kwamba mvua ikinyesha hakuna wa kuzianua. Nikaziwaza karanga zile moja kwa moja, Profesa, wala sikujivuta kurudi. Nilikuwa natikisa kichwa mahali panapotakiwa. Nikasema 'pole' mahali panapotakiwa. Yule mama akanyamaza. Akanitazama, akasema, 'Mama, wewe umechoka, mimi nitakuja siku nyingine.' Akachukua mkoba wake."

"Akarudi?"

"Hakurudi."

Nilitaka kusema kwamba linaweza kumtokea mtu yeyote. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, zote nzuri, moja ilikuwa na neno la kitaalamu. Sikusema hata moja, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kwamba siku mbili kabla, mtu akiwa mbele yangu anaeleza jinsi alivyompata kaka yake, mimi nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia Mshauri nikifika Kirewa.

"Wewe ulipokuja ulikuwa unabeba kila kitu," aliendelea, "nikakuona, nikakusaidia kutua. Mimi nilikuwa sibebi chochote tena. Hilo halionekani. Wote wakaniona mzima, ukiwemo wewe na ile saa yako. Ulikuwa unanipima, unadhani sikujua? Nilikuwa natoka mle ndani nasema chai iko, na kweli nilikuwa nataka chai. Hakukuwa na kitu kingine ndani. Miaka mingapi imekuwa hivyo, sijui."

"Na ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Askari?"

Upepo ulipeperusha maganda. Akayakusanya kwa mkono, akayarudisha kwenye rundo.

"Haya, Profesa," alisema. "Kitabu kinasemaje kuhusu mtu kama mimi?"

"Kinasema atafute wa kumsikiliza."

"Kinasema awe na vyeti?"

"Hapana."

"Basi kaa vizuri."

Nikakaa vizuri. Alinisimulia yule mama: alivyovaa, alivyoongea, alivyoshika mkoba. Kisha akarudi nyuma yake kwa mteja mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, wale aliowasikiliza bila kuwa mle chumbani. Alikuwa anawakumbuka wote. Maneno waliyosema alikuwa nayo, alikuwa tu hajapata kuyasikia. Ilichukua hadi jua likageukia nyuma ya jiko. Mimi sikuandika. Sikumenya karanga pia, nilisahau. Wakati mmoja alirudia neno lile lile mara tatu, na mimi nikahisi kitu kifuani ambacho sikuwa nimekihisi kwa muda mrefu, kama mkono uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Hakikuwa kizuri.

Alipomaliza alinitazama kwa makini, kama alivyokuwa akizitazama ripoti zangu.

"Hukulia," alisema.

"Hapana."

"Imekuuma?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu nilitaka jibu liwe sahihi.

"Kidogo."

"Kidogo inatosha," alisema. "Ikiacha kabisa, niambie."

Niliporudi Busia niliitafuta namba ya yule mama katika majalada nikampigia. Haikuwa ikipatikana. Nilimwambia Mshauri hivyo, bila kuongeza kitu, naye akashukuru.

Sasa ninapokea wateja wanne kwa siku. Simu ya kazi inazimwa jua likizama, na wale watano waliokuwa wakizidi wanakwenda kwa mshauri mwenzangu wa upande wa Kenya, mwanamke wa rika langu ambaye zamani tulipungiana mkono tu. Kila Alhamisi saa nne mimi na yeye tunakaa saa moja, nusu yake na nusu yangu, tunaambiana tuliyoyasikia na yanayouma. Jumapili moja kwa mwezi nakwenda Kirewa, nakaa kwenye mkeka, Mshauri anaongea na mimi nasikiliza. Wiki nyingine inauma kidogo, wiki nyingine sana. Haijaacha.